Tundu la mfupa wa kipapatio si la kupunguza uzito

Mhariri,

Ipo sentensi moja iliyokaa kwenye madaftari ya wanafunzi na kwenye kurasa za magazeti muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayeigusa: ndege huruka kwa sababu mifupa yake ina uwazi ndani, kwa hiyo ni myepesi. Tunaomba nafasi tuiguse. Si uongo mtupu, maana mwanzo wake ni kweli kwa baadhi ya mifupa ya baadhi ya ndege. Kasoro imo kwenye hiyo "kwa hiyo". Mwanafunzi akiimeza anaridhika mapema, halafu hawezi kueleza kwa nini popo anaruka na mifupa iliyojaa uboho, wala kwa nini mbuni wa Ruaha, ambaye haruki kabisa, ana hewa ndani ya mfupa wa paja.

Tuanze na mizani. Mwaka 1979 watafiti Prange, Anderson na Rahn walilinganisha uzito wa mifupa ya ndege na ya mamalia wa ukubwa mmoja. Kwa mnyama wa kilo moja, hesabu yao inatoa gramu 65 hivi za mifupa kwa ndege na gramu 61 hivi kwa mamalia. Tofauti ni kama kijiko cha chai cha sukari, na aliyezidi ni ndege! Mwaka 2010 Elizabeth Dumont, mtafiti wa Marekani, akapima mfupa wenyewe, uzito wake kwa ujazo wake, akakuta kwamba kwa wastani mfupa wa ndege umeshonana kuliko wa popo na wa jamii ya panya. Yaani ukuta ni mwembamba, lakini umejengwa kwa malighafi nzito na ngumu. Mfupa wenye madini yaliyoshonana hivyo haupindi sana kabla ya kuvunjika. Hupasuka vipande vyenye ncha kali, ndiyo maana mbwa hapewi mifupa ya kuku iliyopikwa.

Basi uwazi ni wa nini? Mkazi wa Iringa au Njombe, ambako mianzi ya ulanzi imesimama kando ya mashamba, hahitaji maabara kulielewa hili. Kitu kinapopindwa, upande mmoja unavutwa, upande wa pili unabanwa, na katikati hapafanyi kazi yoyote ya maana. Nyenzo iliyoko katikati ni abiria tu. Ihamishie pembeni nayo itaanza kubeba. Hesabu yake ni fupi: chukua nondo iliyojaa yenye kipenyo cha milimita 10, kisha chuma hichohicho, bila kupunguza hata gramu, ukifanye bomba la urefu uleule lenye kipenyo cha nje cha milimita 15. Ukuta wa bomba utakuwa na unene wa milimita 1.9 hivi, na ukinzani wake dhidi ya kupinda utakuwa mara tatu na nusu ya ule wa nondo. Uzito haukushuka. Kilichopanda ni ugumu. Aliyebuni fremu ya baiskeli aliijua hesabu hii, na ndege anaihitaji zaidi ya baiskeli, kwa kuwa bawa linapopigwa mfupa wake wa juu haupindwi tu, unasokotwa pia, na bomba hustahimili kusokotwa kuliko fimbo iliyojaa ya uzito uleule.

Darasani jambo hili linaonekana kwa karatasi mbili za A4. Moja ipake gundi yote uikunje kwa kubana mpaka iwe kama penseli. Ya pili ipake gundi vilevile uikunje kuzunguka betri kubwa ya tochi, kisha utoe betri. Zikikauka vizuri, kwa maana ya usiku mzima, zilaze kati ya meza mbili zilizoachana sentimita 20 na uning'inize mfuko wa mchanga katikati ya kila moja, ukiongeza kijiko kwa kijiko. Ile nyembamba itaanza kulegea mapema. Wengi hukosea hapa kwa kuning'iniza mfuko kwa uzi mwembamba: uzi unaikata karatasi pana kabla haijapinda, na darasa zima linaondoka na jibu lisilo sahihi. Tumia utepe wa kitambaa wenye upana wa vidole viwili.

Halafu kunja karatasi ya tatu kuzunguka chupa ya soda. Hiyo itabonyea na kukunjamana kwa mzigo mdogo kabisa, kwa sababu ukuta umekuwa mwembamba mno kwa upana wake. Huo ndio mpaka wa ujanja wa bomba. Mwanzi unaukwepa kwa kuweka fundo kila mwisho wa pingili. Ndege anaukwepa kwa vijiti vya mfupa vinavyokatiza uwazi kutoka ukuta hadi ukuta, hasa karibu na miisho ya mfupa, ambako mzigo wa kiungo unaingia. Katika mfupa wa kiganja wa tumbusi, vijiti hivyo vimepangwa kwa pembe, kimoja kikilala huku na kingine kule, kiasi kwamba fundi seremala akiuona umepasuliwa ataita kenchi, na hatakuwa amekosea. Kazi ni ileile ya kenchi za paa: kuzuia kuta mbili zisikaribiane wala kuachana.

Sasa upande wa hewa. Ndege ana mapafu madogo yasiyotanuka sana, yaliyoungana na mifuko ya hewa, kwa kawaida tisa, iliyosambaa kifuani na tumboni. Ndege anapokua, mifuko hii huchipua na kuingia ndani ya baadhi ya mifupa na kusukuma uboho nje. Kwa kuku, mfupa wa juu wa bawa unapata hewa namna hii kutoka mfuko ulioko kati ya mabega, na hewa imo pia kwenye sehemu kubwa ya uti wa mgongo na kwenye mfupa wa kidari. Mfupa wa paja la kuku hauna hewa, una uboho. Katika karne ya 18 John Hunter, daktari wa upasuaji wa London, alionyesha kwamba ndege aliyefungwa koo anaweza kuendelea kupumua kupitia mfupa wa bawa uliokatwa. Hilo ni jaribio la zamani na la kikatili, hatulipendekezi kwa yeyote, ila linamaliza ubishi: uwazi wa mfupa ule ni tawi la njia ya pumzi.

Na tawi hilo halikuanzia angani. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza dinosaria aliyefukuliwa huku kwetu, kwenye miamba ya Galula upande wa Songwe na Bonde la Rukwa, wakampa jina Shingopana songwensis. Alikuwa wa jamii ya wale wakubwa wenye shingo ndefu na miguu minne kama nguzo. Mifupa ya shingo ya jamii hiyo ina vyumba vya hewa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuruka. Jina lenyewe la Kiswahili limo kwenye vitabu vya sayansi duniani kote, nasi bado tunawafundisha watoto kwamba hewa kwenye mfupa ni alama ya kuruka.

Hata miongoni mwa ndege hewa haigawiwi kwa kufuata nani anaruka. Hondohondo, pamoja na mumbi yule mkubwa anayetembea chini, wana hewa kwenye mifupa hadi ya vidole vya miguu. Mnandi wa Ziwa Nyasa, ambaye anaruka vizuri tu, ana hewa kidogo sana mifupani, kwa sababu riziki yake iko chini ya maji, na mzamiaji anayeelea hali chakula. Mbuni, kama tulivyosema, ana hewa pajani, lakini mfupa wake wa juu wa bawa una uboho. Kwa kuku ni kinyume chake.

Mwalimu anayetaka kuyaonyesha haya hahitaji bajeti. Anahitaji kuku mmoja, lakini si kuku yeyote, na hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibika. Broila wa wiki tano au sita hafai. Mfupa wake wa bawa bado una uboho kwa sababu hewa haijamaliza kuingia, miisho ya mifupa ni gegedu inayobanduka kwenye maji ya moto, na pingili za mgongo zinazotakiwa kuwa zimeungana bado ziko mbalimbali. Mwanafunzi ataandika alichokiona, na alichokiona kitapingana na kitabu. Nunua kwenye soko la Mwanjelwa au Soweto hapa Mbeya jogoo au mtetea wa kienyeji aliyepita mwaka mmoja, achinjwe bila kukatwa vipande. Aliyekufa kwa mdondo au ugonjwa usiojulikana asiletwe darasani kabisa. Ndege wa porini nao waachwe: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuweka msamaha kwa walimu wa biolojia wanaotamani fuvu la hondohondo.

Kabla ya kuchemsha, fanya jaribio la kano, kwa maana ndilo bora kuliko yote na likipita halirudi. Mlaze kuku chali. Chana ngozi ya kidari katikati, kisha tenganisha mnofu mkubwa wa upande mmoja na mfupa kwa kisu kidogo, ukianzia katikati na kuelekea ubavuni. Chini yake utaona mnofu wa pili, mwembamba na mrefu, uliolala ubavuni mwa mfupa. Huo ndio wapishi wanautoa peke yake kwa kuwa ni laini. Fuata mwisho wake wa begani mpaka uone kano nyeupe inayong'aa. Tenganisha mnofu huo na mfupa bila kuikata kano, ushike kwa koleo, uvute taratibu kuelekea mkiani. Bawa litanyanyuka.

Hebu tafakari hapo. Mnofu uko chini, kifuani, na unalipandisha bawa juu. Kano yake inapita kwenye tundu dogo lililozungukwa na mifupa mitatu ya bega, inazunguka kama kamba ya ndoo kwenye kapi la kisima, na kushika mfupa wa bawa kwa upande wa juu. Mnofu mkubwa ulioutoa kwanza ndio unaoshusha bawa, na ni mkubwa kwa sababu kushusha ndiko kunakobeba ndege. Kwa mpangilio huu mashine zote mbili, ya kupandisha na ya kushusha, zinakaa chini ya mwili, na uzito ukiwa chini ndege hapinduki hewani. Binadamu anayeinua mkono anatumia misuli iliyoko juu ya bega. Ndege angefanya hivyo angekuwa mzito mgongoni.

Bawa lisiponyanyuka, sababu huwa mojawapo ya tatu. Kuku ameshakakamaa baada ya kuchinjwa: msubiri alegee. Alikuwa kwenye friza na bega bado lina barafu: subiri usiku mzima. Au kisu kimekata kano karibu na bega: hamia upande wa pili, bahati nzuri kuku ana mawili.

Mfupa ambao minofu hiyo yote miwili imejishika una ukuta uliosimama katikati, ambao kwa Kiswahili unaitwa mkuku, sawasawa na mkuku wa jahazi. Neno ni la watu wa pwani, maana mitumbwi ya Kyela na Matema huchongwa kwenye gogo na haina mkuku, lakini hatuoni sababu ya kulikwepa wakati linafanana na kitu chenyewe kuliko mchoro wowote. Mkuku ukiwa mrefu, mnofu una mahali pa kushika. Mbuni hana mkuku, mfupa wake wa kidari ni bapa kama rafu. Ukitaka kigezo kimoja cha mifupa kinachokuambia kama ndege anaruka, tazama mkuku na uache habari ya uwazi.

Kutoka kwenye kidari hadi bega kuna nguzo mbili nene, moja kila upande. Zitazame vizuri, kwani wanafunzi huziruka. Mnofu unaposhusha bawa unavuta bega na kidari vikaribiane, na bila nguzo hizo kifua kingejikunja kila pigo. Mbele yake uko ule mfupa wa panda, kama panda ya manati, ambao watoto huvutana kutafuta bahati. Ni mifupa miwili ya mtulinga iliyoungana chini. Mwaka 1988 watafiti walimrusha kwezi wa Ulaya ndani ya handaki la upepo huku wakimpiga filamu ya eksirei. Walikuta kwamba ncha za panda zinaachana bawa likishuka, zikiongezeka umbali kwa karibu nusu, na kurudi bawa likipanda. Ni springi. Panda mbichi ya kuku ukiibana kwa vidole utaihisi ikirudi, iliyochemshwa na kukaushwa haitarudi, itavunjika. Kwa hiyo ibane kabla ya kupika.

Jambo la mwisho la kufanya kabla ya jiko ni kipapatio. Shika mfupa wa juu kwa mkono mmoja, sukuma kiwiko kinyooke, na usiguse ncha ya bawa. Ncha itafunguka yenyewe. Mifupa miwili ya sehemu ya kati inateleza sambamba, mmoja ukisukuma kiganja na mwingine ukikivuta, hivyo ndege hahitaji msuli mzito mwishoni mwa bawa ili kulifungua. Ule mnene kati ya miwili hiyo ndio unaobeba manyoya ya kurukia. Kwenye kiganja utapata mifupa iliyoungana na vidole vitatu tu, kimoja kikiwa kijidole cha mbele chenye manyoya machache. Kijidole hicho ndege hukisimamisha anapotua, ili hewa iendelee kulishika bawa wakati mwendo umepungua. Mtazame kunguru akishuka kwenye paa la bati utakiona.

Sasa chemsha. Toa nyama nyingi uwezavyo kwa kisu. Vipande vidogo vya ncha za mabawa na vidole vya miguu vifunge kwenye vipande vinne vya chandarua kuukuu, kila kimoja na alama yake, la sivyo utakuwa na rundo la mifupa isiyojulikana kulia wala kushoto. Maji lita nne, bila chumvi, moto mdogo, yatokote kidogo tu bila kufurika. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo kuku mkongwe atachukua saa tatu, na Njombe au Makete zaidi. Anayekata tamaa akatumia sufuria ya presha atapata mifupa laini inayobonyea kama chaki iliyolowa, kwa kuwa presha huyeyusha protini inayoshikilia madini.

Baada ya kupangusa nyama iliyobaki kwa mswaki, loweka mifupa kwenye maji ya uvuguvugu yenye kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya unga kwa kila lita, siku tatu, ukibadilisha maji kila siku. Usipotoa mafuta, mifupa itageuka njano na kunuka ndani ya mwezi. Kama unataka weupe, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, saa 24. Usitumie dawa ya klorini ya kufulia: inaendelea kuula mfupa hata baada ya kuusuuza, na miezi michache baadaye unamomonyoka unga. Kausha kivulini. Jua la moja kwa moja hupasua mifupa yenye kuta nyembamba.

Ikikauka, tafuta tundu. Kwenye mfupa wa juu wa bawa, mwisho wa begani, upande wa ndani ambako pamebonyea kama kijiko, pana tundu linaloweza kupitisha njiti ya kiberiti. Kata mwisho wa kiwiko kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, ziba mrija kwenye tundu kwa donge la unga wa ngano, zamisha upande uliokatwa kwenye beseni, puliza. Mapovu yatatoka. Yasipotoka, mafuta yamekwama ndani: pitisha maji ya moto yenye sabuni. Kisha fanya hivyohivyo kwa mfupa wa paja. Utapuliza mpaka mashavu yaume, hakuna tundu.

Mgongoni utaona kitu ambacho kwa maoni yetu kina uzito kuliko hadithi yote ya uwazi. Shingo ya kuku ina pingili 14 zinazocheza kila upande (binadamu na twiga wana 7 kila mmoja), kwa sababu mikono imegeuka mabawa na mdomo ndio mkono. Lakini ukishuka chini ya shingo, mchezo unakwisha. Pingili kadhaa za kifuani zimeungana kuwa fimbo moja, inafuata pingili moja huru, kisha pingili zote za kiunoni, na baadhi ya zile za juu yake na za mkiani, zimeungana na nyonga kuwa ngao moja. Mwisho wa mkia nao ni pingili zilizoungana, zinazoshika manyoya ya usukani. Mbavu zina vijindoano vinavyokanyagana, kila ubavu ukiuegemea wa nyuma yake. Mwili wa ndege ni boksi. Mahali ambapo mnyama mwingine angetumia misuli kushikilia mgongo usitikisike, ndege ametumia mshono wa mfupa, na mfupa ulioungana hauchoki wala hauli. Hondohondo, kwa ajili ya lile domo lake, ameunganisha hata pingili mbili za kwanza za shingo.

Wafugaji wana faida ya moja kwa moja hapa. Ndege hana kiwambo cha misuli kama kile kinachotenganisha kifua na tumbo letu. Hupumua kwa kusogeza mfupa wa kidari chini na juu. Mtoto anayemkumbatia kifaranga kwa kumbana kifua, au msafirishaji anayeshindilia kuku kwenye tenga mpaka vidari vimegandamizwa, anamnyonga ndege bila kugusa koo. Mshike kwa kuzibana mbawa kwenye mwili na kuacha kidari kining'inie huru.

Broila wakubwa wasikamatwe kwa mabawa. Ule mnofu mwembamba wa kupandisha bawa umebanwa kati ya mfupa na utando mgumu. Kuku mzito akipigapiga mabawa kwa fujo, mnofu unavimba, hauna pa kutanukia, damu inakatika na nyama inakufa ikiwa ndani ya ndege mzima. Mteja anakuja kupasua kidari na kukuta minofu ya kijani, analalamikia dawa au chakula, kumbe ni namna ya kukamata.

Kuku akivunjika mfupa wa juu wa bawa na pakawa na jeraha wazi, usimimine maji, spiriti wala dawa ya maji ndani yake. Kimiminika kitafuata njia ileile ya mapovu mpaka kwenye mifuko ya hewa, na ndege anaweza kuzama akiwa nchi kavu. Futa pembeni kwa kitambaa kilicholowa, lifunge bawa kwenye mwili bila kukaza kifua, mwite mtaalamu wa mifugo. Ngozi ya hapo ikivimba na kuwa laini kama puto, hiyo ni hewa iliyovuja kutoka mfupani.

Kwa kuku wa mayai, uangalifu uwe kwenye mifupa isiyo na hewa. Ganda la yai moja linahitaji karibu gramu 2 za kalsiamu, na linajengwa zaidi usiku, wakati kuku hali. Sehemu ya kalsiamu hiyo hukopwa kwenye mfupa wa ziada anaoujenga ndani ya mifupa ya miguu anapoanza kutaga. Chakula kisipolipa deni, mkuku unapinda na miguu inavunjika. Chembe za konokono au chokaa ya mifugo ziwe kokoto ndogo badala ya unga, na zitolewe jioni, ili zikae tumboni zikitoa kidogokidogo usiku. Na kwa kuwa nyonga ya kuku haikufungwa kwa chini, unaweza kujua anayetaga bila kusubiri: pima kwa vidole kati ya ncha mbili za mifupa zilizo chini ya mkia. Vidole viwili au vitatu vikipita, anataga. Kimoja kikikwama, hatagi.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Kwenye michoro ya kurasa za watoto, kuku huchorwa na goti linalokunjika kinyumenyume. Kile si goti, ni kifundo cha mguu, na sehemu yenye magamba chini yake ni wayo ulioungana na kurefuka. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya ya ubavuni, na linakunjika mbele kama la kwako. Mchoraji akihitaji kielelezo, sisi tunacho kilichokaushwa tayari.

Walimu wa Biolojia wa sekondari,
Mbeya